Kilio cha Daraja la Tano

Kabondo, Kisangani, tarehe 14 Septemba 2025

Mpenzi rafiki yangu Nicole,

Kwanza nakusalimu sana, wewe na Tonton Emile na watu wote wa nyumbani kwake huko Opala. Je, homa imekuacha? Na mguu wa Tantine unaendeleaje? Sisi hapa tuko wazima. Mvua imeanza, barabara yetu imekuwa matope tena, na vijana wa toleka wanasukuma baiskeli zao za kubeba abiria kwa mkono mbele ya mlango wetu huku wakitukana. Mama yako anakula, ingawa kidogo, na juzi alirudi sokoni na meza yake ya majani ya sombe. Hayo nimeyatanguliza ili moyo wako utulie, kwa sababu yanayofuata hayatakutuliza.

Katika barua yako ya mwezi uliopita uliniuliza mambo matatu kuhusu matanga ya kaka yako Moïse, kwa kuwa homa ilimchukua kwa siku tatu tu nawe hukuweza kufika. Ulitaka kujua alizikwa wapi, nani walikuja, na mama yako alilia namna gani. Mawili nilikujibu. La tatu nililiruka. Leo nakueleza kwa nini, na ukimaliza kusoma utaamua mwenyewe kama mimi bado ni rafiki yako. Ningeweza kungoja mtandao upatikane huko nikutumie ujumbe wa sauti, lakini simu imenitia kinyaa. Hata kuishika nasikia kama nashika kitu kilichooza.

Unakumbuka kwamba likizo hii nilipata nafasi katika ofisi moja kwenye njia ya Bangboka, ambako vijana wanakusanya sauti za watu ili kompyuta zijifunze Kiswahili chetu na Lingala. Walitueleza kwamba hiyo akili bandia haijui kitu mpaka ilishwe, na kwamba sisi ndio wapishi wake. Siku mbili za kwanza tulifundishwa na Madame Solange, aliyetoka Kinshasa. Somo lake liliitwa savoir-être, yaani namna ya kuwa mtu mbele ya watu ukiwa kazini: kusikiliza, kutomkata mwenzako neno, kutunza siri, kuomba ruhusa. Alisema sauti ya mtu ni mali yake kama uso wake, na kwamba hakuna ruhusa kama mtu hajui unachofanya, au hakielewi, au hawezi kukataa. Unanijua. Niliandika yote katika daftari na kupiga mistari kwa wino mwekundu. Kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza, nikapewa cheti chenye jina langu lote, Kavugho Chancelle, na mama akakitundika ukutani juu ya redio.

Madame Solange alipopanda ndege kurudi kwao, chef wetu Augustin, msimamizi wa ofisi, alitugeukia sisi vijana akasema bon, ba-jeunes, masomo yameisha, sasa tufanye kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila sauti inayorekodiwa inapewa jina: furaha, hasira, hofu au huzuni. Halafu inapewa daraja, kuanzia moja hadi tano, kulingana na nguvu yake. Furaha tulikuwa nayo nyingi. Huzuni ilikosekana. Mwanzoni tuliigiza wenyewe. Yannick, kijana mmoja wa Mangobo mwenye maneno mengi, alimlilia mke ambaye hana, akamwomba arudi na sufuria yake, mpaka mlinzi wa mlango akacheka. Wateja wa ng'ambo walizirudisha sauti hizo zote wakasema hazina machozi.

Ndipo Augustin alipouliza kwa nini tunalia kama watu wa théâtre wakati mjini matanga hayakosekani hata wiki moja. Lionel, aliyekaa karibu nami, aliuliza tutaombaje ruhusa. Augustin akamuuliza kama anataka kusimama mbele ya maiti na karatasi mkononi, amwambie mama wa marehemu angoje kidogo, asilie bado, atie saini kwanza. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, Nicole. Fiche za ruhusa, zile karatasi za kutia saini, zilikaa ndani ya meza, zikingoja kujazwa baadaye.

Wiki zilizofuata tulikuwa tukikaa Jumatatu asubuhi kuzunguka kipaza sauti kidogo cheusi, na bakuli la mikate yenye sukari katikati yetu, tukisikiliza vilio vya watu. Mwanamke mmoja alimwita mume wake kwa jina la utani ambalo nadhani hakuna mtu mwingine aliyepaswa kulijua. Yannick akasema huyo ni tatu tu, pumzi yake ni fupi. Mwingine akabisha kwamba apewe nne, kwani Lingala yake ya mwisho ni tamu. Yannick alilamba sukari kwenye kidole chake kisha akabonyeza tatu kwenye tablet. Nilitazama kile kidole kikiacha alama ya mafuta kwenye kioo, nikajiambia kwamba nitazoea.

Jumatatu moja ikafika sauti ya mama yako. Nilimjua kabla hajatamka neno, kwa ile pumzi anayovuta akitaka kuinua ndoo. Augustin aliinua mkono watu wanyamaze. Akasema hiki sasa njo kilio, hakuna kelele ya watu, hakuna kuku, ni safi kabisa. Wakakipiga mara tatu. Mara ya tatu Yannick alikuwa tayari anamwiga, mdomo umejaa mkate, na makombo yakamwangukia kifuani. Wakapiga kelele "Tano! Tano!" kama watu walio uwanjani.

Nicole, mpaka hapa nimeandika kama mtu aliyekuwa amekaa pembeni. Sikukuambia nani alirekodi.

Ni mimi. Pale ofisini hakuna aliyekuwa akiniita kwa jina langu. Augustin aliniita la muette, yaani bubu, kwa sababu ya aibu yangu ya kusema. Siku Moïse alipofariki nilikwenda kuomba ruhusa ya kukosa kazi. Augustin aliniambia niende na simu, kwamba ukimya wangu ni kipaji, kwamba wengine wote wanaonekana lakini mimi hakuna anayeniona. Katika maisha yangu hakuna mtu aliyewahi kuusifu ukimya wangu. Nilikwenda nyumbani kwenu nikakaa kwenye mkeka pamoja na mama yako. Mkono wa kushoto ulimshika mkono wake. Mkono wa kuume ulikuwa chini ya kitenge, umeshika simu. Nilitumia kila kitu nilichofundishwa. Nilisikiliza. Sikumkata neno.

Na fiche, pia ni mimi. Kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nilipewa kuzijaza zote. Wanawake tisa. Nilitia saini tisa tofauti, moja imelala, nyingine imesimama, nyingine ina kamkia, nikajisikia nimefanya kazi nzuri. Hilo ndilo linalonichukiza kuliko yote, kwamba nilifanya kwa bidii.

Jumatano iliyopita nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua sombe, hakuacha. Aliniuliza tu kama hiyo sauti imekwisha kwenda. Nikamjibu kwamba bado, fungu lake linatumwa Ijumaa hii. Akanawa mikono, akafunga kitenge kingine, akaniambia nitangulie.

Ofisini Augustin alimpokea vizuri sana, akamwita mama, akamtolea kiti. Kisha akamwonyesha fiche na kumwambia kwa upole kwamba huzuni inasahaulisha, kwamba alikubali mwenyewe na saini yake hii hapa. Mama yako aliitazama ile karatasi. Akasema, "Hii haiko miye, papa. Miye sijuake kuandika. Ku commune natiaka kidole."

Yannick akaangalia chini. Augustin akasema pengine jamaa mwingine alimtilia saini. Nilijua kwamba nikinyamaza jambo litaishia hapo. Nikasema kwamba ni mimi niliyeiandika, na nyingine nane pia. Nilisema kwa sauti ndogo, Augustin akajifanya hakusikia. Nikasema tena. Lionel akasimama, akafungua tablet akaitafuta ile sauti, akaiweka mbele ya mama yako na kumwonyesha mahali pa kufuta. Augustin alimwita mjinga, lakini hakumzuia. Mama yako alipangusa kidole gumba kwenye kitenge, kama anavyofanya mbele ya karani wa commune, akakibonyeza pale. Kisha akanyoosha mkono nimpe simu yangu, na humo pia akabonyeza mwenyewe.

Vilio vingine vitano tulivifuta mimi na Lionel. Vitatu vilikuwa vimekwisha kwenda wiki za nyuma, na Augustin anasema kilichokwenda hakirudi. Nimekwenda kwa wawili kati ya wale watatu kuwaeleza. Mmoja alinifukuza na maji ya vyombo. Mwingine aliniuliza maswali mengi kuhusu kompyuta, akataka kujua kama nayo sasa itakuwa inamlilia mume wake. Wa tatu amerudi Isangi. Nitamfuata masomo yakiruhusu. Cheti nimekishusha ukutani. Mama ameniuliza sababu, na leo usiku nitamwambia.

Siku ile, tulipokuwa tunarudi kutoka ofisini, mama yako alitangulia mbele njia nzima. Mbele ya mlango wenu alisimama, bila kunitazama, akasema, "Nilizani chini ya kitenge ulikuwa unashika rozari." Akaingia. Tangu siku hiyo nikimsalimu anaitikia, lakini haniiti tena kula.

Sasa swali lako la tatu. Nimekisikia kilio hicho mara nyingi kuliko mtu yeyote, na ningeweza kukuandikia kila neno na kila pumzi. Sitaandika. Si changu. Siku utakayorudi umkalie karibu na umuulize yeye, akipenda atakuambia.

Msalimu Tonton Emile na Tantine, na watoto. Dereva wa pikipiki anayeleta barua hii atakaa kwenu siku mbili. Kama una neno, mpe. Kama huna, mwache arudi bure, nitaelewa. Nakusalimu kwa mikono yote miwili, na haina kitu ndani yake.

Chancelle