Neno lao la kazi

Dada Zawadi, shikamoo. Ziwa hapa Gisenyi limetulia, mimi sijatulia. Tunajenga ukuta wa mawe hotelini. Jana mgeni kutoka Norwei, mzee anayejua Kiswahili, aliniambia kwao kazi huitwa “arbeid”, neno lenye asili ya Kijerumani cha kale, na zamani lilimaanisha mateso. Mwenzangu wa Goma akacheka: “Bon, haya, hao watu wanajua kazi!” Mzee akaongeza kuwa huenda lilianza na mtoto yatima aliyetumikishwa kwa watu. Tangu hapo hata sambaza za kukaanga, vidagaa vya ziwa hili, nawaachia wenzangu. Mwanangu Neema hana mama, na uliniandikia anaosha vyombo kwa mama lishe. Dada yangu, mtoe leo. Mwambie baba yake yu hai, mawe anabeba yeye. Neema abebe madaftari tu. Mungu awatunze.

Ndugu yako, Yohana