Mhindi wa Kwenye Bango

Jumatatu, 3 Machi
Nakuna nazi tangu asubuhi. Nguru, kamba, embe bichi, tui. Mchuzi uleule wa Tanga niliokuwa nikiupika kwenye mgahawa wangu hapa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huku Uchina, hadi ukafa kwa kukosa wateja. Sasa nampikia laoban, bosi wa Kichina. Mlangoni kuna bango: "Samaki wa Kerala", na picha ya Mhindi mwenye masharubu. Simjui. Laoban naye hamjui. Foleni imefika kwenye ngazi. Mxiu!

Jumatano, 5 Machi
Laoban kasisitiza nisitoke jikoni. Samaki wa Kihindi ndiyo fasheni ya mji; wageni wakiniona mie, nafukuzwa. Sawa. Nachungulia kwenye kidirisha cha kutolea sahani. Wabongo kibao! Walewale waliokuwa wakinikwepa: "Aa, samaki wa nazi si twala nyumbani." Leo wanaramba vidole. Mwacha mila ni mtumwa.

Ijumaa, 7 Machi
Mke wangu Mwanahawa kapiga simu kutoka Tanga, analia. Kaka yake, shemeji Kassim, yuko huku kufuata mzigo wa jinzi. Kawaambia wazee wao kuwa mie nazurura tu, sina kazi, dada yake arudi kwao. Na wazee wanamsikiliza. Naogopa. Bwege mkubwa yule.

Jumamosi, 8 Machi
Ebo! Kassim kaja kula hapa hapa. Sauti yake naijua. "Wahindi wanajua samaki, bwana! Si yale machemsho yetu." Kaagiza sahani ya pili. Uzalendo ukanishinda, nikampelekea mwenyewe, laoban akinikata jicho. Kassim alikuwa anapiga picha chakula, amtumie dada yake aone raha. Kuniona, akacheka. "Kumbe waosha vyombo? Afadhali. Mwambie huyo Mhindi kanikosha."

Nimwambie ndiye mie, kazi iote mbawa? Nikasema nitamwambia. Nimerudi jikoni. Ananidharau na mdomo umejaa samaki wangu!

Jumapili, 9 Machi
Mvua. Mwanahawa kanirushia ile picha ya Kassim. Chini kaandika: "Mume wangu, nani mwingine anayeacha embe na ganda lake kwenye mchuzi? Kila siku twagombana kwa hilo. Nimewaonyesha wazee, wamekubali una kazi. Siendi popote. Nimwambie kaka?"

Nikamjibu amwache ale.

Nazi za leo zimefika. Naenda kukuna.