Kulungu na Risasi ya Sungura

Jumamosi, 12 Januari 2013

Nimehesabu asubuhi: thelathini na mmoja. Majani makavu, marobota manne. Maji nimebadilisha. Dume mkubwa bado anawafukuza wenzake kwenye hori. Wawili wana majeraha ya pembe ubavuni.

Daktari wa mifugo alishasema. Madume ni wengi mno kwa shamba hili, watano waondoke. Abu Nasir, mwenye shamba, amekubali, na nyama watagawiwa jamaa zake. Kwa hilo sina neno. Hawa ni kulungu wa Ulaya wenye madoadoa, waliletwa kwa ndege kabla sijaajiriwa. Huku Al Wukair, jangwani kwa Waarabu, hakuna chui wa kuwapunguza.

Kinachoniudhi ni bunduki. Nasir, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye watoto wawili, amenunua mpya na anasema atawapiga yeye. Niliomba kuona risasi. Fupi kuliko kiungo cha kidole changu cha mwisho. Ile ya kaliba ya ishirini na mbili. Kwetu hiyo ni ya kanga na sungura.

Nilifuata nyayo miaka kumi na moja kwenye kambi ya wawindaji, Liwale. Hapa ni mlisha kulungu na dereva wa pikapu. Basi.

Jumanne, 15 Januari

Leo nimethubutu. Nasir alikuwa anapiga makopo ukutani. Anapiga vizuri, lazima niseme. Nikamwambia kwa Kiarabu changu cha kuungaunga kwamba risasi ile haifai kwa mnyama mzito hivi. Hakukasirika. Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Haipigi kelele, kwa hiyo wengine hawashtuki. Haisukumi bega. Haiharibu nyama. Atapiga kichwani, kwa karibu, na ubongo hauhitaji risasi kubwa.

Nusu ya aliyosema ni kweli. Ndiyo inayoniumiza. Nilikosa maneno ya nusu ya pili: kopo halitikisi kichwa, kulungu anatikisa. Ukikosa ubongo kwa upana wa vidole viwili umevunja taya. Risasi kubwa nyuma ya bega inakusamehe kosa dogo. Hii ndogo haisamehe.

Maneno yote haya yamenijia nikiwa peke yangu, nasafisha hori. Kawaida yangu.

Ijumaa, 18 Januari

Dume wa kwanza. Hatua thelathini, Nasir ameegemea mlango wa pikapu. Sauti kama mtu amevunja kijiti. Kulungu akaanguka palepale. Nikakimbia na kisu, nikachinja. Wenzake waliendelea kula.

Nasir akanitazama, akacheka. Hakucheka vibaya. "Haya, Saidi. Haifai?"

Nikafuta kisu kwenye majani. Nimeonekana mjinga. Na kweli mnyama hakuteseka, nilipaswa kufurahi. Nimekasirika badala yake. Ningependa nini, akose? Mtu gani mimi.

Jumapili, 20 Januari

Mutiso, mlinzi wa geti, Mkamba wa Kitui, amechoka kunisikiliza. "Babu yangu alikuwa anaangusha hadi nyati na mshale," kasema. "Sasa wewe unalilia ukubwa wa risasi."

Nikamwambia mshale wa babu yake ulikuwa na sumu, na babu yake aliufuata mpaka mwisho hata siku mbili. Akakubali hilo. Kisha akasema, "Lakini hii si mali yako, bana. Wewe umeandikwa kulisha."

Nilimsimulia yule swala pala wa Liwale. Mgeni mmoja alimpiga na bunduki ndogo, akakosa ubongo kidogo. Tulimpoteza kwenye mto mkavu. Siku ya tisa nikamkuta amesimama kivulini, taya linaning'inia, ulimi mkavu, mbavu zote nje. Alikuwa amesimama kwenye majani mabichi mpaka magotini. Hakuweza kutafuna hata moja.

Mutiso akapigiwa honi, akaenda kufungua geti.

Ijumaa, 25 Januari

Siku mbaya. Niandike yote.

Wageni sita, magari matatu. Nasir alitaka waone. Zulia limetandikwa, kahawa, tende. Mmoja wao, mwenye umri, akachukua ile risasi, akaigeuzageuza kiganjani. Akauliza kama kweli inatosha kulungu. Nasir akaniita mbele ya watu wote. "Muulizeni huyu. Alikuwa mwindaji Afrika. Saidi, inafaa?"

Wote wakanitazama. Abu Nasir pia alikuwapo, kwenye kiti chake.

Nikasema inafaa.

Sijui kwa nini. Najua. Niliogopa kumwaibisha mbele ya wageni wake, niliogopa kurudishwa kwetu, na ile Ijumaa iliyopita ilikuwa imenifunga mdomo. Neno moja. Lilitoka kirahisi.

Dume alikuwa mbali zaidi, hatua sabini hivi. Upepo ulikuwepo. Nasir akapiga. Jike aliyekuwa nyuma ya dume akainua kichwa wakati huohuo. Niliona mdomo wake ukienda upande. Akazunguka mara moja, akakimbia moja kwa moja kwenye geti la nyuma. Gari la wageni lilikuwa limeingilia hapo, hakuna aliyefunga. Akatoka jangwani.

Nikataka kumfuata. Nasir akasema niache. "Atakufa mwenyewe, risasi imemwingia. Lete kahawa."

Nilileta kahawa.

Jumamosi, 26 Januari

Nimelisha haraka, nikatoka saa nne. Ardhi hapa ni changarawe, haishiki unyayo kama mchanga wa kwetu. Nilipata tone la damu kwenye jiwe, halafu jingine mbali. Kisha mate yenye damu, mstari mrefu. Mate maana yake mdomo. Nilijua tangu jana, lakini kuona ni kingine.

Nikafika barabara inayojengwa. Malori yamefuta kila kitu. Nimezunguka mpaka adhuhuri. Nasir alipiga simu akauliza pikapu iko wapi. Pikapu ilikuwa shambani, mimi ndiye sikuwepo. Akakasirika. Nikarudi.

Najichukia kidogo leo. Simchukii yeye kama ninavyojichukia.

Jumapili, 27 Januari

Nimempata.

Upande wa pili wa barabara, kwenye nyumba mpya ambazo bado ni kuta tupu. Mafundi wa Kinepali waliniona natazama chini, mmoja akanishika mkono akanipeleka. Alikuwa amelala nyuma ya matofali, kivulini. Yule fundi alikuwa amemwekea maji kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa. Ndoo ilikuwa imejaa. Kulungu alikuwa ameweka pua karibu na maji, anayatazama. Taya la chini limevunjika pande zote mbili. Nzi.

Hakujaribu kusimama. Nikamgeuza kibla, nikamfunika macho kwa kilemba changu. Kisu nilikuwa nimekinoa asubuhi. Tumefundishwa wote, tangu chuoni: noa kisu, mpumzishe mnyama. Sijui kwa nini tunadhani inahusu kisu tu.

Fundi alisimama kando muda wote. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Nilipomaliza akanipa soda yake.

Jumatatu, 28 Januari

Nimekata kichwa cha yule jike na kukiweka kwenye friji ya dawa za mifugo, kwenye mfuko mweusi. Mutiso ameona. "Wewe unatafuta kufukuzwa." Labda.

Jumanne, 29 Januari

Abu Nasir alikuja peke yake asubuhi kutazama mitende. Nikamwambia, "Baba, nina kitu cha kukuonyesha." Nikafungua mfuko juu ya meza ya zege.

Alitazama muda mrefu. Nikamwonyesha risasi ilipoingilia, tundu dogo kama la msumari, na mfupa ulivyopasuka. Nikamweleza siku mbili zile na ile ndoo ya maji. Nilijitahidi nisilie, sikufanikiwa sana.

Kisha nikasema lililokuwa gumu. "Ijumaa nilidanganya. Nilisema inafaa. Haifai. Nilijua."

Akauliza, "Kwa nini ulisema?"

"Niliogopa, Baba."

Akauliza ningefanyaje mimi. Nikamwambia: bunduki ya kaliba ya kweli ya wanyama wakubwa. Mpigaji awe na kitu cha kuegemea. Awe peke yake, bila wageni, bila kahawa. Mageti yafungwe. Na kama mnyama amejeruhiwa, hakuna anayekaa chini mpaka apatikane.

Akafunga mfuko mwenyewe. Hakusema asante, hakusema nimekosea. Akampigia mwanawe simu palepale. Sauti yake haikupanda hata kidogo. Nilitamani ipande.

Ijumaa, 1 Februari

Nasir hanisemeshi. Bunduki ndogo imefungiwa kabatini kwa baba yake. Alipita karibu nami kwenye hori, akasema bila kunitazama, "Ungeniambia mimi kwanza."

Nilimwambia. Tarehe kumi na tano. Nimerudi kuangalia kwenye daftari hili, imo. Lakini nilimwambia nusu, kwa sauti ndogo, kisha nikasema kinyume chake mbele ya wageni. Ukweli gani huo wa kudai.

Jumatatu, 4 Februari

Nimehamishwa. Kuanzia kesho ni dereva wa mama mwenye nyumba, mke wa Abu Nasir, mjini. Chumba nimepewa Al Mansoura, na Waganda watatu wanaofanya kazi hotelini. Meneja wa shamba anasema si adhabu. Basi ni nini? Miaka minne nimewalisha wale kulungu. Najua nani anapenda maganda ya tikiti na nani anaogopa ndoo nyekundu. Nani atajua kesho?

Nimekasirika. Niandike hivyohivyo. Nilisema kweli mara moja, nikapewa ufunguo wa gari jeupe.

Jumamosi, 9 Februari

Kliniki, sokoni, nyumbani kwa dada yake, tena sokoni. Mama ni mtu mpole, ananunua maua mengi. Nilikuwa nimeegesha kwenye kivuli cha jengo nikifuta vioo vya gari wakati Mutiso alipopiga simu.

"Niko shambani na Nasir," kasema. "Wamekuja na bunduki kubwa, ya ami yake. Hakuna wageni. Mageti nimefunga mimi mwenyewe yote mawili. Anataka kujua risasi iingie wapi. Ameona haya kukupigia."

Nikasikia mtu anakohoa karibu naye.

Nikamweleza. Asubiri mnyama asimame ubavu. Afuate mguu wa mbele kwenda juu, theluthi moja ya mwili, nyuma kidogo ya bega. Asipige mnyama akiwa ameinua kichwa kusikiliza. Kama ana shaka, asipige kabisa, arudi kesho. Mutiso alikuwa akitafsiri kila sentensi kwa Kiingereza, polepole. Mara moja nilisikia sauti ya Nasir ikiuliza, nikarudia: nyuma ya bega.

Simu ikakatika. Nikaendelea na vioo. Nilivifuta vyote, halafu nikavifuta tena.

Baada ya saa moja ujumbe ukaingia. "Wanne. Kila mmoja ameanguka palepale alipokuwa. Nasir amewaendea wote kuangalia."

Mama akatokea na mifuko yake. Nikaenda kumfungulia mlango.