Mota Haitoki Mezani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba kikohozi chake kimemwachia apate usingizi. Sisi huku hatujambo. Mwanangu anakula kama aliyeajiriwa kula, na anakuamkia. Paa la karakana bado linavuja pale pale ulipoliziba wewe, kwa hiyo usiseme nimebadilisha kila kitu.

Ujumbe wako kaka ameuleta. Alisimama mlangoni, kiti alikikataa, akasema umeagiza ning'oe mota niliyoifunga kwenye mashine yetu ya kuchonga vyuma, na nisipoing'oa atakuja na gari na wabebaji aichukue mashine yenyewe. Nikamuuliza ataifanyia nini, maana yeye hata kukaza parafujo kunamshinda. Akasema hilo halinihusu. Basi nimeona nikujibu mwenyewe, kwa sababu kaka akiyabeba maneno yangu yatafika yamechacha.

Najua ni baba mdogo aliyekupa habari, na najua ametia chumvi. Eti nimeitoboa mashine kama chujio! Nimetoboa matundu mawili, ubavuni mwa meza ya mashine, basi. Mota yenyewe nimeitoa kwenye waipa za gari bovu, nikaiunganisha kwa mnyororo wa baiskeli na ile skrubu ndefu inayosogeza meza. Sasa nakibana chuma kwenye jiliwa, nabonyeza swichi, meza inatembea yenyewe polepole chini ya kisu, mwendo ule ule mwanzo hadi mwisho. Uso wa chuma unatoka laini, bila zile alama za mahali tulipokuwa tukipumzisha mkono. Usinune, Baba, lakini hata wewe hukuwahi kuutoa hivyo.

Ulisema siku zote kwamba mkono ndio unaosikia chuma. Ulinifundisha kuzungusha gurudumu la kusogezea meza kwa pumzi, kuivuta mkono ukipanda na kuitoa ukishuka, na mteja akiingia katikati ya kazi salamu zake zilingoja mpaka kisu kitokee upande wa pili. Nilijifunza sawasawa, tena kupita kiasi. Siku ya kwanza ya kuijaribu mota, mkono wangu ulibaki juu ya gurudumu kwa mazoea, na mimi nikivuta pumzi kama mjinga. Kisu kilipofika penye ugumu mkono ukasita, kama ulivyoufunza. Mota haikusita. Kishikio cha gurudumu kikazunguka na kunigonga kifundo cha mkono, nikaona nyota mchana. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini.

Alipoondoka nilichukua msumeno nikakikata kishikio hicho. Ndiyo, kile cha mti ulichokichonga mwenyewe, kilicholika mpaka kikachukua umbo la kiganja chako. Parafujo yake ilikuwa imeshika kutu na sikutaka kinigonge tena. Kaka hajui bado, kwa hiyo hasira za hilo zianze leo, nipo tayari kuzipokea.

Ila kuna jambo ambalo sijamwambia mtu, hata mama. Bega langu la kulia limekufa ganzi na linauma kwa pamoja, sijui hata nielezeje. Mkono haupandi kupita kifua. Asubuhi mwanangu ndiye anayenifunga kitambaa kichwani, na nimemdanganya kwamba ni mchezo. Daktari aliniuliza kazi yangu, nikamweleza, akaniambia niache. Nikamjibu kuacha siachi. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kutafuta mota.

Na wewe usinifiche, Baba. Kwenye harusi ya kaka nilikuona. Baba wa bibi harusi alipokunyooshea mkono, uliuinua mkono wako wa kulia kwa kuushika kwa ule wa kushoto, ukajifanya unavuta shati. Wote walitazama maharusi, mimi nilikutazama wewe. Hukuacha kazi kwa kuchoka kama ulivyotuambia. Lile gurudumu ndilo lililokutoa karakanani, na hadi leo unalitetea! Mashine uliyonipa nimeipokea kwa moyo wote. Bega lako silipokei, na mwanangu hatalipokea langu.

Kwa hiyo mwambie kaka aje na gari lake na wabebaji wake. Atanikuta kazini, na mashine haitoki mlangoni nikiwa hai. Lakini akija, akupakie na wewe uje uijaribu. Swichi nimeifunga upande wa kushoto wa meza, na unajua vizuri kwamba mimi situmii mkono wa kushoto.

Msalimie mama sana, mwambie asiache dawa. Baba mdogo nitamsalimia mwenyewe, kwa maneno ninayoyajua. Nakuheshimu na nakupenda, na mota haitoki.

Ni mimi binti yako,
Fundi wa karakana yako