Saa Mbili na Dakika Hamsini

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu mdogo kapiga simu hata chai sijanywa. Kamkatia mama tiketi! Anakuja Jumamosi kunitembelea. Mimi sikuulizwa. Nikasema mama ni mtu mzima, safari ndefu. Dada akasema muda ameuona kwenye tiketi: kilomita elfu moja na mia tisa, saa mbili na dakika hamsini, ndege moja tu. Mama hajui, na yeye hatamwambia. "Utamwambia mwenyewe, kaka."

Kazini nimefunga kompresa ya jokofu kinyume. Fundi mkuu kauliza kama nimelala humo ndani.

Jumanne, 5 Machi

Niandike basi, hapa hakuna wa kunisoma. Miaka mitatu iliyopita baba alikata roho asubuhi, mazishi kesho yake saa kumi jioni. Nilimwambia mama ndege ni mbili, kutwa nzima angani na kulala njiani — sitawahi. Akasema, "Pole mwanangu, umekwenda mbali mno." Yeye ndiye aliyenipa pole! Ndege ilikuwepo jioni ile ile. Kiti kilikuwepo. Lakini tulikuwa hatusemezani, mimi na mzee, tangu aliponifukuza mbele ya wajomba. Nikasusa. Nimemsusia hata maiti.

Alhamisi, 7 Machi

Mama kapiga. Amefunga blanketi, dawa za siku mbili, mikate sita — ya kwake na ya atakayekaa naye. Anauliza huko katikati atalala wapi. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli. Nikamwambia abebe soksi.

Soksi! Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Sijamwambia. Chumba nimekifagia mara tatu.

Jumamosi, 9 Machi

Uwanja wa ndege. Imetua saa nne kasoro dakika tano. Abiria wametoka wote, hata mmoja mwenye magongo. Mama hayupo. Saa nne na nusu sasa. Nakaa, nasimama. Naandika ili mikono itulie.

Mhudumu kaja kuuliza nani anamsubiri mama wa kilemba cha kijani. Mimi! Mzima? Mzima kabisa, ila amekataa kushuka. Mkanda kaufunga, blanketi magotini, anawagawia wafagiaji mikate. Anasema hiki ni kituo cha njiani, wasimfanye mshamba, mwanawe alishamwambia ni kutwa nzima. Rubani mwenyewe kaenda kumbembeleza, kamwambia safari ni hii tu. Akaambiwa amkome mwanawe — mtoto yule asingekosa kumzika baba yake kwa kamwendo kama haka.

Mhudumu anacheka mpaka anashika kiuno.

Kaenda kuleta simu, nimwambie mwenyewe kwamba amefika. Huyo anarudi nayo. Wenzake wako ndani ya ndege na mama, upande wa pili wa simu, na simu kaiweka sauti ya juu. Namsikia mama kabla sijaipokea: "Kama kweli ni mwanangu, anihesabie, bado saa ngapi nifike —"