Barua Iliyouliza Kama Bibi Yu Hai

Jumamosi, saa kumi alasiri. Joto la Julai limekaa juu ya mtaa wetu wa Dixon Road tangu asubuhi, na ndege zinapita chini chini kuelekea uwanjani kana kwamba nazo zimechoka. Nimejifungia chumbani. Sebuleni wageni wanaijadili Ulaya kwa sauti, na kabla ya magharibi natakiwa niwe nimeandika barua ambayo najua ni ya uongo.

Naandika hapa kwenye simu, kwa Kiswahili, kwa sababu wenzangu niliomaliza nao shule mwezi uliopita hawataweza kukisoma. Huo ni woga, najua.

Nianze na Babu. Alifanya kazi bandarini Hamburg miaka mingi, Bibi akilea watoto Tanga. Alipofariki, Ujerumani ikaanza kumlipa Bibi pensheni ya mjane, na imeendelea hata baada ya yeye kuhamia huku Toronto kwetu. Si pesa nyingi. Lakini Bibi haiiti pensheni. Ikiingia tu, hupika wali wa nazi na samaki, kisha hunigongea mlango. Huniita mke mwenzangu, kama mabibi wa pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, njoo ule. Mume wetu kaleta."

Mwezi huu hakuleta. Wala mwezi uliopita.

Juzi Alhamisi ikaja barua kutoka ofisi ya pensheni. Malipo yamesimamishwa, na uthibitisho usipofika kwa wakati, faili la Bibi litafungwa. Nimehesabu. Zimebaki siku kumi na mbili. Nilimwambia Bibi kwamba wamesimamisha, basi. Sikumwambia kwa nini.

Leo amekuja Shangazi Rukia kutoka Brampton, na Ami Seif, binamu yake Baba, dereva wa malori ambaye husikiliza habari za Ulaya njia nzima hadi Montreal na kurudi. Baba yuko zamuni uwanja wa ndege. Hawakumaliza hata chai, mabishano yakaanza.

"Nilisema mimi!" Ami Seif akapiga goti lake. "Wazungu wamechagua wale wasiotutaka. Wanaanza na wajane, watamalizia na makaburi!"

"Seif, wewe kila kitu siasa," Shangazi akamjibu. "Ni hela. Wazee wao wengi, vijana wachache. Kapu limetoboka."

"Limetoboka upande wetu tu? Kapu gani hilo lenye macho?"

Bibi alikuwa anavuta tasbihi, lakini nilimwona amesimama kwenye punje moja.

Kisha Shangazi akanigeukia. Yeye ndiye aliyekuwa akishughulikia barua za Ujerumani kabla ya kuhamia Brampton mwaka jana, kazi hiyo ikabaki kwangu. "Ile fomu ya kila mwaka, mliijibu?"

"Tulijibu," nikasema.

Ni kweli tulijibu.

Sasa niseme nilichokifanya, hapa kwanza, halafu tuone kama nitaweza kukisema kwa mdomo.

Fomu ilikuja Februari. Ilimtaka Bibi athibitishe kwamba yu hai: aijaze na kutia sahihi mbele ya mtu mwenye muhuri. Miaka ya nyuma alitia sahihi tu pale Shangazi alipomwonyesha, bila kusomewa. Chini yake, kwa Kiingereza kikavu, iliandikwa kwamba asipothibitisha atahesabiwa marehemu. Bibi alikuwa kitini, amejifunika kanga mbili kwa ajili ya baridi, ananitazama. "Wanasemaje?"

Utamwambiaje bibi yako maneno hayo? Kwetu hata aliyekufa hatusemi kafa, tunasema ametangulia. Nikasema, "Wanakujulia hali, Bibi."

Alifurahi mno. "Watu wa adabu! Ndiyo maana mume wangu alikaa kwao. Haya, waandikie: sijambo, namshukuru Mungu, ni magoti tu yanayonisumbua. Na wao nawasalimu, wao na watoto wao."

Nikaandika yote, na magoti yakiwemo. Akatia sahihi, nikaituma. Fomu nikaiweka kwenye droo. Nilijiambia kwamba barua inatosha, maana maiti halalamiki magoti. Nilijiambia pia kwamba ile ndiyo heshima.

Mimi si mtaalamu wa Ulaya. Nasoma tu, kuliko ninavyoongea. Nafikiri Ami Seif ana sehemu ya ukweli: nimesoma wanayoyasema baadhi ya wanasiasa wa kule kuhusu watu kama sisi, na baada ya hapo sikulala vizuri. Shangazi naye ana yake, kwa sababu bajeti zimeshawahi kuangusha serikali kule, na neno pensheni peke yake linatosha kujaza watu barabarani. Lakini kitu ninachokipenda, kilichonifanya nitake kusomea sheria Septemba, ni kwamba kule mjane anaweza kuipeleka ofisi ya serikali mahakamani, na jaji lazima asikilize pande zote mbili. Muhula wa mwisho niliandika insha ndefu kuhusu haki ya kusikilizwa. Mwalimu aliisifu.

Niliiandika Februari. Fomu ilikuwa kwenye droo ya meza ileile.

Nimeitoa na kuisoma tena leo. Nilikuwa naona swali lile ni dharau kwetu, lakini wanaulizwa wote wanaoishi nje, mwenye kanga na mwenye koti la manyoya. Kuwauliza watu wote kwa ukavu uleule, je, hiyo ndiyo haki? Pengine ni nusu yake. Ninachokijua ni kwamba Ujerumani ilimuuliza Bibi swali baya, lakini swali lilikuwa lake, na mimi nikamnyang'anya kabla hajafungua mdomo.

Ami Seif anataka barua ya Kiingereza kwa wakili, na nakala kwa watu wote wa msikiti. "Andika, wamemuua mama yetu kwa karatasi! Si ndiye wakili wetu huyu?" Kisha akacheka. "Wakili gani, hata pizza huiagiza kwa kuandika asije akaongea na mtu!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikachukua kalamu.

Nimeandika mistari mitatu. Kila mmoja unamshtaki mtu ambaye hakufanya kosa.

Pengine ningeimaliza. Mimi ni mwoga kiasi hicho. Lakini nilipopita jikoni nilimsikia Bibi akimuuliza Shangazi kwa sauti ya chini: "Rukia, au nimemkosea marehemu? Khitma yake mwaka huu tuliichelewesha. Tangu anioe hajawahi kukosa kuleta."

Anadhani Babu amemkasirikia.

Wageni wameteremka kununua maziwa na mkate. Nakwenda.

*

Saa kumi na mbili jioni. Jua bado linawaka kwenye vioo vya jengo la mbele.

Nilimkuta Bibi jikoni anachambua choroko. Nikakaa sakafuni, barua ya juzi mkono mmoja, fomu mkono wa pili, nikasema yote bila kuinua macho. Nilitazama vidole vyake. Vilisimama.

"Isome," akasema. "Isome ilivyo. Usinipunguzie."

Nikasoma, Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Nilipofika kwenye neno marehemu nikanyamaza.

"Endelea."

Nikaendelea hadi mwisho.

"Na Wazungu wenzao wanawauliza hivi?"

"Wote walio nje, Bibi."

"Basi." Akachambua choroko tatu, nne. "Zuhura." Bibi haniiti kwa jina ila nikiwa nimekosa sana. "Kufa si tusi. Nimezika mume, nimezika watoto wawili. Siku ile ulinionea haya mimi, au ulijionea huruma mwenyewe?"

Nilitaka kusema ni adabu. Lakini adabu isingeificha fomu kwenye droo.

Baadaye kidogo mdomo wake ukatetemeka, nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Kwa hiyo wao wanangoja kujua kama nimekufa, mimi nawasimulia magoti." Alicheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga, kisha cheko likakatika ghafla. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo.

"Miezi miwili namwomba radhi marehemu wa watu," akasema. "Hana kosa. Wala mimi sina."

Jumatatu asubuhi tutakwenda kwa wakili wa viapo, na pasipoti yake, agongewe muhuri kwamba yu hai. Nimewaandikia ofisi ya pensheni kuwaeleza kilichotokea, kosa likiwa kwa jina langu. Sijui kama karatasi itafika kabla ya siku zile kwisha. Sijui kama wanawasamehe watu waliotuma salamu badala ya fomu. Mimi ningependa wasikilize. Wakikataa, nitajifunza kukata rufaa mapema kuliko nilivyopanga.

Lakini hilo ni la Jumatatu. La leo ni gumu zaidi. Nilimwomba Bibi awaeleze wageni yeye, kwa upole wake. Akatikisa kichwa. "Ulisema peke yako. Utasema tena peke yako, Rukia na Seif wakisikia."

Barua ya Ami Seif nimeichana. Sijawahi kusimama mbele ya watu wazima na kusema, nimekosea. Hata darasani nilikuwa natoa hotuba nikitazama dirisha.

Lifti imefunguka. Namsikia Ami Seif kwenye ujia, bado anabishana na Shangazi kuhusu kapu. Mlango. Mifuko inawekwa mezani. Anauliza, "Wakili kamaliza?"

Na Bibi ananiita kwa sauti ambayo nadhani hata majirani wameisikia:

"Mke mwenzangu! Njoo uwaeleze hawa kwa nini mume wetu kakwama mlangoni miezi miwili."

Nakwenda. Nitasoma ilivyo.