Nyumba Isiyo na Pacha

Nyumba ya mwisho,
Barabara ya Chini ya Ukuta.
Jumatatu, tarehe 9.

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Natumaini umeacha kupanda zile ngazi kwa ubishi. Na kikohozi cha shemeji, kimepungua au bado kinawaamsha majirani? Yule mjukuu wako mkubwa ameshang'oka jino alilokuwa akilitikisa mpaka nikalisikia kwenye simu? Mimi ni mzima. Presha iko pale daktari anapoitaka. Nakula, nalala, naamka, na habari zangu binafsi zinaishia hapo.

Jana ulipopiga uliniuliza kama kuna jipya, nikasema hakuna. Lipo. Nitaanza nalo, kama nilivyozoea kazini.

Mhandisi mkuu wa bwawa alisema Ijumaa, mbele yetu sote katika ukumbi wa shule, kwamba kuanzia tarehe mosi mwezi ujao maji yatashushwa mpaka nusu ya ukuta, na yatakaa hapo miaka miwili wakati wa ukarabati. Afisa wa dharura akaongeza lake: katika muda huo hakuna mtu atakayeruhusiwa kuishi peke yake chini ya ukuta bila nyumba pacha. Asiyekuwa nayo ahame.

Usishtuke. Ukuta hauanguki kesho. Ni mawe yaliyopangwa kwa mikono kabla baba hajazaliwa, na umevuja kwenye kona ya kushoto tangu sisi watoto. Wewe mwenyewe ulikuwa ukinawa miguu pale. Tofauti ni kwamba sasa yale maji yanatoka na mchanga. Maji safi yakivuja, wanapima. Yakitoka na mchanga, wanashusha bwawa. Tena lango moja la chuma limekataa kufunguka, kwa hiyo mvua kubwa ikija hawana pa kuyatolea maji haraka. Nilimuuliza mhandisi swali lilelile kwa njia mbili, akanijibu jibu lilelile mara zote mbili. Namwamini.

Nyumba pacha ni hivi. King'ora kikilia, hukimbilii kilimani mpaka umegonga mlango wa pacha wako na kumwona kwa macho yako akitoka. Naye hivyo hivyo kwako. Mtaa wetu umebaki na nyumba tano zenye watu. Fundi cherehani wa jirani alihamia kwa binti yake mwaka jana, na wengine walishatangulia. Pale ukumbini mwokaji mikate na yule mjane wa mbele yangu wakachaguana. Mwalimu na muuguzi wakachaguana. Tano haigawanyiki kwa mbili, dada.

Afisa, msichana makini mwenye sauti ndogo, akauliza, "Na mzee pale nyuma, pacha wako nani?"

Watu wakatazamana. Mwokaji akaniokoa kwa mzaha. "Huyo ni mwandishi wa habari. Mafuriko yatampigia simu kwanza, yamwombe asiyataje jina."

Wakacheka, nami nikacheka. Nikauliza kwa nini nisiunganishwe na wawili wengine tukawa watatu. Afisa akasema wameshajaribu hivyo kwingine. Watatu hugeuka kuwa wawili na mmoja.

Jumamosi asubuhi likaja zoezi la kukimbilia kilimani. King'ora kilipolia nilikuwa nimekaa sebuleni, nimevaa viatu. Dirishani nilimwona mwokaji akigonga geti la mjane kwa mwiko, na mjane akimwambia kutoka ndani, "Naja, geti halijakukosea." Wakapanda. Mwalimu na muuguzi wakapanda. Kisha mtaa ukabaki na ile sauti peke yake.

Sikuinuka. Nilitaka kujua itachukua muda gani mtu kugundua kwamba simo. Kuuliza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, ingawa safari hii jibu lenyewe sikulitamani sana. Nilianza kutafuta kichwani nani angeuliza habari zangu. Nilikupata wewe, Jumapili, saa ya simu.

Mlango wa jikoni ukagongwa.

Alikuwa Nahodha. Namaanisha yule wa boti za kukodisha, ambaye zamani alimsaidia baba yake pale gatini, na wewe ukawapindulia ile boti ya kijani mbele ya wageni. Biashara aliirithi. Miaka sita iliyopita niliandika kwamba ukuta unavuja kuliko wenyewe wanavyokiri. Mwezi uliofuata boti zikapigwa marufuku, kisha kuogelea, kisha hata yale matembezi ya Jumapili juu ya ukuta. Wavuvi wa ndoano wakakunja vigoda vyao. Nilichoandika kilikuwa kweli, na Ijumaa mhandisi amekithibitisha, ila ukweli wangu haukumlisha mtu pale gatini. Tangu siku hizo, Nahodha akinikuta dukani humsalimia muuza duka, mizani na paka, mimi ananiruka.

Sasa jambo la kushangaza ni hili: Nahodha anakaa juu, ukingoni mwa bwawa. Ukuta ukipasuka yeye haguswi. Kuja kwangu ilibidi ateremke huku chini king'ora kikilia.

"Unangoja nini, gari la bibi harusi?" akasema, akihema.

"Wewe si pacha wangu."

"Wala sitaki kuwa. Lakini ukifa wewe, nani ataandika siku ukuta ukipona? Uliposema mbovu walikuamini. Nikisema mimi kwamba umepona, nani ataingia botini?"

Nikafunga mlango. Tukapanda, wa mwisho kabisa, yeye akinisukuma mgongoni na kunitukana kwa adabu. Juu kule afisa alimgombeza, kwa sababu wa juu hawaruhusiwi kushuka. "Baba, ungefia huko." Naye akajibu, "Boti tisa zimeshafia nchi kavu, mimi ni nani?" Basi kwa kanuni, pacha wangu hawezi kuwa.

Tulikaa kwenye benchi la saruji, lile lililokuwa likigombaniwa siku za sikukuu. Hakuna tena mtoto wala kikapu cha chakula pale. Kuna mstari wa maboya mekundu na bango la kukataza, na maji yametulia kana kwamba hayajasikia habari zake. Nahodha akaniambia kwamba kuanzia tarehe mosi banda lake na chumba chake vinachukuliwa na wajenzi waweke mashine zao. Mkewe alishafariki, mwanawe yuko mbali. Anatafuta chumba mjini, upande ambao hataona maji.

Nikamwambia aje kwetu. Neno lilitangulia, mawazo yakafuata. Nikamwita afisa nikamuuliza hapo hapo: nyumba ikiwa na watu wawili wanaolala humo, je, bado inadai pacha? Akasema haidai.

Nahodha akanigeukia. "Chumba kipi?"

"Cha upande wa barabarani."

"Si cha dada yako kile?"

"Ndicho."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi muulize kwanza."

Kwa hiyo nakuuliza. Nyumba baba alituachia sote wawili, na chumba ni chako. Kitanda chako kipo kilipokuwa, na mapazia, na kikombe cha mashindano ya kuogelea, na sanduku lile ambalo zipu yake ilikushinda. Nakifungua kila mwezi kupitisha hewa. Mgeni akiuliza, husema ni cha dada, akija. Umekuja mara moja, tulipomzika mama, ukalala siku tatu. Sikulaumu. Naandika kilichotokea.

Kwenye simu ungesema "mpe" kabla sijamaliza, kwa kunihurumia, kisha ungelia jikoni shemeji asikuone. Ndiyo maana nimeandika. Soma, kaa nayo, ndipo ujibu. Akiingia Nahodha, vitu vyako vitahamia stoo, na nitaacha kusema kwamba kile ni chumba cha dada. Ukikataa, nitafunga nyumba na kupanga chumba mjini karibu na zahanati. Wala usiandike tena kwamba nije kwako. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na unajua jembe mimi sijawahi kulishika vizuri.

Usidhani tumekuwa marafiki. Leo asubuhi alinikuta dukani. Alimsalimia muuza duka na mizani, paka hakuwepo, kisha akasimama akaniuliza kama nakoroma. Nikasema sijui, hakuna aliyewahi kuniambia tangu mke wangu afariki. Akasema atakuja na kitanda chake mwenyewe, hawezi kulalia cha mtu aliye hai.

Msalimie sana shemeji. Wapwa wangu wote wawili, waambie mjomba bado anasoma magazeti kwa kalamu nyekundu. Wajukuu wabusu kwa niaba yangu, mwenye jino na asiye nalo. Mola awatunze katika nyumba yenu, na akulainishie goti na moyo uwe radhi, lolote utakaloamua.

Posta wameniahidi kwamba barua hii itakufikia Ijumaa. Jumapili, tarehe 15, nipigie saa yetu ya kawaida unipe jibu. Afisa wa dharura atakuja kukagua nani analala katika kila nyumba Ijumaa ya tarehe 27, saa tatu asubuhi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye huku chini ya ukuta.